Msonge wa Darasa la Nne

Anayesema Tanzania haina baridi mwulizeni mwezi wa saba alilala wapi. Kama alilala Dar es Salaam, msameheni. Kama alilala Nyabibuye na bado anasema hivyo, basi ndiye aliyejifunika blanketi langu. Kipupwe cha huku kwetu kikishashuka, asubuhi kila unayekutana naye amejikunyata, mikono kwapani, ndani ya koti la mtumba ambalo wenyewe walilishona kwa ajili ya kuteleza kwenye theluji. La kwangu lina kofia ya manyoya na kimfuko kidogo juu ya mkono wa kushoto. Wazungu walikuwa wanatia nini humo sijui. Mimi natia ugoro.

Basi ni katika majira hayo hayo, mwenye akili zake akiwa jikoni kayakumbatia mafiga, ndipo shule wanayosoma wanangu ilipoona inafaa walimu, wanafunzi na wazazi watoke nje wakajenge sanaa.

Wangesema darasa, ningeelewa. Wangesema choo, ningewahi mwenyewe na sepetu, maana foleni ya pale wakati wa mapumziko ni aibu kwa wakubwa na wadogo. Lakini sanaa! Tena ya kujengwa, ya fito na nyasi, saa moja asubuhi, umande haujakauka.

Chanzo ni mtaala mpya, huu ulioanza kutumika Januari 2024 na kutuletea somo la Sanaa na Michezo. Mwalimu wa somo hilo ni kijana, katoka chuo juzi juzi, na ana moyo. Mtu mwenye moyo ni wa kuogopwa wakati wa baridi. Kwenye kikao cha wazazi alisimama akasema watoto wa siku hizi hawajui babu zao walilala nyumba ya namna gani, kwa hiyo shule itajenga msonge wa Kiha mbele ya ofisi, na ndani yake patawekwa vinu, vibuyu, vyungu na mikuki ili kijiji kizima kije kujifunza. Ukumbi ukalipuka makofi. Wazazi wakipiga makofi upesi namna ile ujue hawajafikishwa kwenye kipengele cha mchango.

Kipengele kilipofika kilisema hivi: kila mwanafunzi mganda mmoja wa nyasi na fito mbili, kila kaya mtu mmoja wa kufanya kazi. Sisi tuliosoma kwenye kivuli cha Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ile ya mwaka 1967, lugha hiyo tunaifahamu vizuri. Tulikwenda shule na jembe, na ndoo ya maji, na kuni, na daftari kama mkono umebaki.

Tatizo ni nyasi. Mwezi wa saba huku ni msimu wa moto. Anayesafisha shamba ana kiberiti, anayewinda panya ana kiberiti, mchungaji anayetaka majani mabichi yachipue ana viberiti viwili. Vilima vyote vimebaki vyeusi. Binti yangu alizunguka mabondeni akarudi na kimganda ambacho hata kuku angekikataa kutagia. Ikabidi niende gulioni, nikampata mama mmoja aliyeona mbali, kapanga miganda yake kando ya dagaa. Elfu moja mmoja, na hapunguzi. Nimenunua nyasi, ndugu zangu. Mimi, mtoto wa Muha, niliyezaliwa kwenye nyasi, nimetoa noti mfukoni nikanunua nyasi, nikaulizwa kama nataka na mfuko.

Fito nazo zina kisa chake. Msitu wa hifadhi haukatwi hovyo, na sawa kabisa, usikatwe. Matokeo yake kila mtoto alikuja na mikaratusi ya kwao. Msonge, kwa asiyeujua, hauna ukuta na paa kama nyumba hizi. Unachimbia fito kwa duara, unazikunja zikutane juu, unazifunga pete kwa pete, kisha unaezeka kuanzia chini kabisa hadi kileleni, kila safu ikiifunika iliyo chini yake, ili maji yateleze nje. Sasa mkaratasi… mkaratusi, nataka kusema, maana hasira imenipanda tena, hautaki kukunjwa. Ulikatika wa kwanza, ukakatika wa pili, wa tatu ukamrukia mwalimu wa Hisabati akaomba ruhusa ya kwenda zahanati. Mzee tuliyemwita aje kutuelekeza aliokota kipande, akakigeuza geuza, akasema, "Wajukuu zangu, hizi si fito. Hizi ni nguzo za TANESCO ambazo hazijakua."

Mzee huyu ndiye aliyekuwa fundi wetu mkuu, na ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote. Kwake Nyabibuye bado iko Kibondo. Habari kwamba Kakonko ni wilaya tangu 2012 anaisikia kama uvumi. Akatusimulia kwamba ilipokuja Operesheni Kigoma, mwaka 1972, alikuwa kijana anayeanza kutafuta mchumba. Watu walitolewa kwenye mashamba yao wakakusanywa kwenye vijiji, na misonge ikaachwa nyuma. Baadaye wakaja mabwana na mabibi maendeleo na mahubiri ya nyumba bora: pembe nne, madirisha, tofali, bati. Nyumba ya duara ikawa ya kuonea haya. "Tukaambiwa tuiache, tukaiacha," akasema mzee. "Leo mnaniita niijenge, tena walinzi wangu ni walimu. Posho ipo?"

Posho haikuwepo. Ulikuwepo uji.

Nilijaribu kumshauri mwalimu wa sanaa kwa heshima zote. Nikamwambia, "Mwalimu, kwa nini tusichore picha ya msonge ukutani, tukaenda zetu kuota jua?" Akanijibu kwamba nyumba ya nyasi si kitu cha kudharau, akanitajia makaburi ya makabaka kule Kasubi, Kampala, jengo kubwa la nyasi la mwaka 1882 ambalo UNESCO waliliandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Nikamkumbusha kwamba liliungua Machi 2010. Akasema ndiyo, na Waganda wakalijenga upya, na mwaka 2023 UNESCO wakalitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kijana anasoma huyu. Lakini nami sikukaa kimya. Nikamwambia kule Kasubi kuezeka ni kazi ya ukoo mmoja, ukoo wa Ngeye, wanarithishana baba kwa mwana. Sisi umempa nani? Tukageuka wote wawili kutazama. Darasa la Nne walikuwa wameanzia kuezeka kileleni.

Na hapo sijagusa kamba. Kamba za msonge ni za magome ya miti, na zinalowekwa usiku kucha ili zisikatike wakati wa kufunga. Maana yake saa moja asubuhi mtu lazima atie mkono kwenye ndoo. Ukiutia mara ya kwanza unasikia baridi. Mara ya pili husikii kitu, na hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu unaendelea kukaza fundo hujui kama umefunga fito au kidole. Watoto walibuni njia yao: mmoja anachovya, wawili wanampulizia vidole, wa nne anamcheka, kisha wanapokezana. Walimu walibuni ya kwao: wakasimamia.

Yupo kijana mmoja Mrundi tuliyekuwa tukiuziana maharage enzi kambi ya Mtendeli iko hai, kabla haijafungwa 2021. Sasa hivi anaishi Winnipeg, Kanada. Nikampigia picha mikono yangu ilivyopauka, nikamtumia nikitegemea pole. Akanijibu kwa picha zake. Kumbe huko, tangu 2010, kila majira ya baridi kuna mashindano ya kujenga vibanda vya kujikinga na baridi kwenye njia ya watu wanaoteleza juu ya mto ulioganda. Wanajenga wasanii, wanajenga wasanifu majengo, wanajenga na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Manitoba. Mwaka 2012 alialikwa hata Frank Gehry, yule aliyesanifu jumba la makumbusho la Bilbao kule Hispania. Mnajua alijenga kwa kitu gani? Mapande ya barafu. Mtu anaitwa ajenge kibanda cha kuwakinga watu na baridi, anajenga kwa barafu, na watu wanapiga foleni kukiingia! Nyuzi 30 chini ya sifuri kule hazimshtui mtu. Yule kijana akamalizia ujumbe wake: "Kaka, wewe uko kiangazi." Nimemfuta.

Pamoja na yote hayo msonge ulisimama. Umeegemea kidogo upande wa ofisi, wenyewe wanasema ni upepo. Mtendaji wa kijiji alikuja kuukagua kwa lengo la kuuweka kwenye taarifa ya miradi, akaomba makadirio ya gharama na risiti za EFD. Tukamwonyesha nyasi. Akauliza zimenunuliwa wapi. Watu wote wakanitazama mimi, kama vile yule mama wa gulioni ana mashine kwenye kanga.

Mzee yeye aliingia ndani, akawasha moto katikati, akakaa. Tukamfuata mmoja mmoja, kisha makundi makundi, hadi mwalimu mkuu akaja kuuliza kwa nini hakuna mtu kwenye gwaride. Niseme ukweli, ndani mna joto. Moshi unapanda, unapenya kwenye nyasi taratibu, na mchwa wanaukimbia. Wanafunzi wa Darasa la Nne wametangaza kwamba vipindi vyote vya asubuhi vifanyikie humo, na sijaona mwalimu aliyepinga kwa sauti.

Sasa limezuka la mlango. Vibuyu na mikuki vimeanza kuletwa, kwa hiyo kamati ya shule imeona wezi watavijia, na kwamba zile fito za kusukwa ambazo mzee alitaka kutengenezea mlango hazina mahali pa kufunga kufuli. Limepitishwa geti la chuma, kila kaya shilingi 2,000. Fundi wa kuchomelea alikuja jana na futi yake. Akapima juu, akapima chini, akajikuna kisogo, akasema mlango wa upinde hajawahi kutengeneza, yeye atatuletea wa pembe nne, nyumba tutairekebisha wenyewe iufuate.