Chumvi ya Furu

Tangi letu la samaki liliingia Mugeta juu ya fuso la mizigo, limeviringishwa blanketi mbili. Lilikuwa la kaka yangu wa Dar es Salaam, kioo cha lita 120, na humo alifuga samaki wa baharini mpaka ugonjwa wa madoa meupe ulipowamaliza. Hakuwa tena na moyo wa kuanza upya. Sisi tulilisugua, tukalianika juani wiki nzima, tukaliweka sebuleni. Binti yangu wa kidato cha pili akasema hataki samaki wa dukani. Anataka furu.

Mama mkwe alishangaa. "Furu si chambo, mjukuu wangu?"

Ni kweli, wavuvi humtundika kwenye ndoano wakimtafuta sangara. Lakini Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zipatazo 500, karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka, nyingine kabla hazijapewa hata jina. Kwa hiyo nilimuunga mkono mtoto. Samaki wa kwetu namna hii anastahili kutazamwa akiwa hai. Baba watoto akaenda mwalo wa Mwigobero, Musoma, akarudi na furu 14 ndani ya ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, kapakata ndoo hiyo njia nzima.

Miezi miwili ilikuwa ya raha. Dume mkubwa, wa buluu kama wino, alichimba shimo kwenye mchanga na kulilinda usiku na mchana. Kisha mgeni akatuletea zawadi, samaki wawili wa dhahabu ndani ya dumu la lita 5. Tuliwamimina tangini pamoja na maji yao, mbele ya mgeni, kwa shangwe. Kosa lilikuwa hapo.

Siku ya sita binti akaniita. "Mama, wanajikuna." Furu walikuwa wakijisugua kwenye mawe. Nikasogeza tochi. Kwenye mkia wa yule dume niliona punje saba nyeupe, kila moja kama chenga ya chumvi, nazo zimefunikwa na ngozi yake mwenyewe. Jioni zilikuwa zaidi ya ishirini.

Nilimpigia kaka. "Punguza chumvi," akasema haraka. "Mimi nilichelewa. Maji ya bahari yana gramu 35 kwa lita, unashusha hadi kama 15, unakaa hapo wiki kadhaa." Nikamwambia: kaka, maji yetu ni ya kisima, chumvi ya kupunguza haipo. Akanyamaza kidogo. Yeye alikuwa anazungumzia kimelea cha baharini, Cryptocaryon irritans. Chetu ni cha maji baridi, Ichthyophthirius multifiliis, kilichoelezwa na Mfaransa Fouquet mwaka 1876, na jina lake maana yake ni chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Ukivitazama kwa macho, vyote viwili ni madoa yale yale. Ila cha baharini kinaumizwa na kupungua kwa chumvi, na chetu kinaumizwa na kuongezwa kwake.

Nikiwa bado kwenye simu, kijana wangu mdogo alishapata ushauri wake kwa jirani. Alifungua vidonge vinne vya rangi mbili akamwaga unga wote tangini. Alikuwa na nia njema, na sikumchapa. Lakini dawa ile ni ya bakteria, haimgusi kimelea huyu. Iliyowapata ni wale bakteria wema wanaoishi kwenye mawe na kichujio, ambao kazi yao ni kugeuza sumu ya kinyesi cha samaki. Asubuhi maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele, na furu watatu walikuwa wamekufa.

Tukabadilisha maji, ndoo kwa ndoo. Dukani nikapimiwa gramu 240 za chumvi ya kawaida ya mezani, yaani gramu 2 kwa kila lita, nikaiyeyusha pembeni na kuimimina nusu jioni, nusu kesho yake. Mama mkwe alisimama nyuma yangu akiwaonea huruma. Siku ya nne madoa yote yalikuwa yametoka. Nyumba ikashangilia, na baba watoto akatoa nusu ya maji na kujaza mapya ili furu "wapumzike na chumvi".

Siku ya nane yalirudi, mengi kuliko mwanzo, hata machoni.

Ndipo nilipoelewa kinachotokea. Doa likianguka, kimelea hakijafa. Kimeshiba, kinashuka chini, kinajifunika ganda, na ndani ya ganda kinajigawa. Ganda moja linaweza kutoa watoto mia kadhaa, hata elfu moja. Watoto hao wana kama siku mbili tu za kuogelea na kutafuta samaki, wasipompata wanakufa. Ni katika kuogelea huko tu ndipo chumvi huwapata. Kikiwa chini ya ngozi hakiguswi, na kikiwa ndani ya ganda hakiguswi. Siku ile tuliyoshangilia, mchanga wetu ulikuwa umejaa maganda.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe kama dawa mseto ya malaria. Ukipata nafuu siku ya kwanza, bado dozi unaimaliza."

Tukaanza upya kwa siku 14, bila kujali macho yanaona nini. Kila asubuhi kabla ya shule binti alinyonya uchafu wa chini kwa mpira, lita 30, na mimi nilirudisha maji ya kisima yenye gramu 60 za chumvi, kiasi kile kile kilichotoka. (Maji ya chumvi usimwagie mchicha. Tuta langu moja liliungua.) Siku ya tatu tuliona jike mmoja ameacha kula, kidevu kimevimba. Si ugonjwa. Furu hubeba mayai na watoto mdomoni, na huyu alikuwa amejaza.

Usiku huo, saa nane, umeme ukakatika na pampu ya hewa ikanyamaza. Kimelea hiki hushambulia matamvua pia, kwa hiyo samaki mgonjwa hana akiba ya pumzi. Kwa mwanga wa simu tuliwaona wote juu, midomo kwenye uso wa maji. Baba watoto akachukua jagi, akawa anachota na kumimina kutoka juu ili maji yachukue hewa. Tulipokezana kila nusu saa: yeye, mimi, binti, kijana, na mama mkwe aliyekataa kwenda kulala, akichota kwa kikombe chake cha chai taratibu kana kwamba anamnywesha mgonjwa. Umeme ulirudi saa kumi na mbili asubuhi. Hakufa hata mmoja usiku ule.

Waliokufa walikuwa wamekufa kabla: furu sita kwa jumla, akiwemo dume wa buluu, na samaki mmoja wa dhahabu. Siku 14 ziliisha bila doa. Siku ya 17 jike alifungua mdomo nyuma ya jiwe, na tulihesabu vifaranga 23, kila mmoja mrefu kama punje ya mchele.

Sasa kuna ndoo ya karantini kwenye veranda ya nyuma, na chujio lake la chai ambalo haliingii kwenye tangi kubwa. Ukituletea samaki tunampokea kwa mikono miwili, na anakaa humo wiki nne.