Sifa za Mnung'unikaji wa Boston

Washairi wamekwisha kuwasifu wafalme, manahodha, farasi, mpaka nazi. Aliyesahauliwa ni shabiki wa besiboli mjini Boston mwezi Januari. Kofia ya sufu kichwani, theluji mlangoni, simu sikioni, anangoja zamu yake aingie hewani na kuutangazia mji kwamba timu yake, Red Sox, imekwisha. Hakuna mchezo unaochezwa, wala hautachezwa mpaka Machi ielekee ukingoni. Hilo halimzuii. Yeye keshaucheza msimu mzima kichwani, michezo yote 162, na kashafungwa kama 90 hivi.

Wamarekani wanakiita kipindi hiki ligi ya jiko, kwa kuwakumbuka wazee waliokuwa wakiota moto kwenye maduka ya vijijini wakibishana habari za mpira mpaka barafu iyeyuke. Jina linamfaa mtu wetu. Mwenzake wa kandanda ana bahati mbaya: dirisha la usajili likifungwa, hoja nazo zinafungwa. Kwenye besiboli mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kusaini Novemba, Januari, hata Machi mazoezi yakiwa yameshapamba moto. Kwa hiyo manung'uniko hayana siku ya mwisho. Kila asubuhi yana sababu mpya, na sababu mpya kubwa kuliko zote ni kwamba hata jana hakusajiliwa mtu.

Atakayetaka kuuona ubora wa fani hii autazame usajili wa kuelekea msimu wa 2024. Red Sox walikuwa wameshika mkia wa kundi lao miaka miwili mfululizo, mara zote mbili wakishinda 78 na kupoteza 84. Mkuu wa usajili, Chaim Bloom, alifukuzwa Septemba 2023. Akaja Craig Breslow, aliyewahi kuwa mrushaji wa timu hiyohiyo na kabla ya hapo akasoma biokemia chuo kikuu cha Yale. Novemba, mwenyekiti wa klabu, Tom Werner, akaahidi kwamba safari hii watakanyaga mafuta mpaka mwisho. Mnung'unikaji akafunga mkanda.

Gari halikutoka stendi. Nyota Shohei Ohtani akaenda Los Angeles Dodgers kwa dola milioni 700. Yoshinobu Yamamoto akamfuata hukohuko kwa milioni 325. Boston wakamchukua mrushaji Lucas Giolito kwa milioni 38.5, miaka miwili, naye akaumia kiwiko mwezi Machi kabla hajarusha hata mpira mmoja wa msimu. Chris Sale, mrushaji aliyekuwa ameonekana zaidi kwa madaktari kuliko uwanjani, walimpeleka Atlanta na kuongeza dola milioni 17 za kusaidia kumlipa mshahara, wakapewa kijana Vaughn Grissom. Sale akapona. Akashinda michezo 18 na kubeba tuzo ya Cy Young, inayokwenda kwa mrushaji bora wa ligi. Grissom akasumbuliwa na majeraha. Wapo mashabiki waliofurahi Sale alipoondoka. Mwaka mmoja baadaye hakupatikana hata mmoja aliyekumbuka kufurahi.

Usahaulifu huo usimpotoshe msomaji, maana katika kuhifadhi madeni ya wengine mtu huyu hana mfano. Anajua kwamba mwishoni mwa 1919 mmiliki Harry Frazee alimuuza nyota wake Babe Ruth kwa Yankees wa New York, na kwamba habari ilitangazwa Januari 1920, ndani ya majira yaleyale ya jiko. Kati ya ubingwa wa Boston wa 1918 na uliofuata wa 2004 ilipita miaka 86. Vizazi vitatu vilirithishana kinyongo kama shamba la minazi, kila kizazi kikipanda mche wake. Uwanja wa Fenway Park, uliofunguliwa Aprili 1912, umewaona wote.

Mche wa kizazi hiki unaitwa Mookie Betts. Alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018, mwaka ambao Boston walitwaa ubingwa. Februari 2020 alitolewa kwa Dodgers. Miongoni mwa waliokuja badala yake alikuwemo kijana Jeter Downs, ambaye wazazi wake walimpa jina la Derek Jeter, nahodha wa Yankees, mahasimu wa jadi. Hata mtunzi wa vichekesho angeona haya kuandika hivyo. Downs aliichezea Boston michezo ya kuhesabika kisha akaachwa. Betts alichukua ubingwa na Dodgers mwaka huohuo wa 2020, akachukua tena 2024, na tena 2025. Pale kwenye jiko, kila ubingwa wa Betts unaongeza kuni.

Watu wapole husema kelele hizi hazina faida. Waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawakuwahi kufika Boston, lakini wangemwelewa mara moja mtu wetu: yeye ndiye aliyeapa kwamba mgema hatasikia sifa mpaka kibuyu kionjwe hadi mwisho. Januari 2023, mjini Springfield, klabu iliandaa sherehe yake ya mashabiki ya kila mwaka. Mmiliki John Henry alipopanda jukwaani alizomewa. Izingatiwe kwamba waliozomea walikata tiketi. Kuna mapenzi gani makubwa kuliko ya mtu anayelipa fedha zake, akaendesha gari kwenye baridi, ili akazomee mahali panapostahili badala ya kuzomea televisheni yake bure?

Kukosea anakosea, na hapo ndipo uzuri wake hasa. Desemba 2002 timu ya Minnesota ilimwacha mchezaji mmoja kutoka Jamhuri ya Dominika, na mwezi uliofuata Boston wakamwokota kwa dola milioni 1.25. Huo haukuwa usajili wa kumfanya mtu aache supu yake ipoe. Jina lake David Ortiz, na ubingwa wa 2004, 2007 na 2013 una mkono wake. Huo wa 2013 nao ulitanguliwa na usajili wa wachezaji wa kawaida kama Mike Napoli, Shane Victorino na Koji Uehara, baada ya msimu wa kupoteza michezo 93. Lawama zilikuwa tayari, zimepangwa kwa alfabeti. Oktoba timu ikawa bingwa. Mwenye matumaini aliyepata alichotarajia hufurahi kiasi. Aliyehakikisha kwamba mambo yataharibika, yakaenda vizuri, hucheza barabarani.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asijione yuko mbali na jiko hili. Kampuni ya Henry na Werner ndiyo iliyoinunua Liverpool mwaka 2010, na Werner ni mwenyekiti wa huko pia. Katika dirisha la kiangazi cha 2024 Liverpool walimleta Federico Chiesa peke yake wa kuingia kikosini moja kwa moja. Kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira, walionung'unika siku ile walikuwa wakimlalamikia bwana yuleyule wa Boston bila kumjua. Aprili 2025 Liverpool wakawa mabingwa wa Uingereza. Ufundi ni mmoja, baridi tu ndiyo tofauti.

Kila mwaka, mwanzoni mwa Februari, lori moja kubwa huegeshwa nje ya Fenway Park. Linapakiwa mipira ipatayo 20,000, magongo, jezi, masanduku ya bazoka na mbegu za alizeti, kisha linashika njia ya Fort Myers, Florida, kwenye kambi ya mazoezi. Watu hutoka majumbani kwenda kuliaga. Wanapeperusha bendera, wanapiga picha, wanalishangilia lori. Mnung'unikaji wetu yumo, kofia ya sufu kichwani. Amesema miezi mitatu kwamba timu haina mrushaji, na sasa anaipungia mkono mipira ambayo itakosa mtu wa kuirusha.

Mwaka 2024 lori liliondoka kama kawaida. Msimu ulipokwisha, Red Sox walikuwa wameshinda michezo 81 na kupoteza 81, na kila mmoja pale jikoni, aliyetabiri mema na aliyetabiri mabaya, alidai kwamba alisema.