Wakanda ya Tatu: Mambo Tisa Tunayoyadai, Kuanzia la Chini Kabisa

Ryan Coogler amekwisha kusema kwamba filamu yake inayofuata ni Black Panther ya tatu, na tangu hapo kila kijiwe kina mtunzi wake. Huyu anataka fulani afufuke, yule anataka fulani aolewe, na kuna mmoja kashapanga mpaka nani anakufa dakika ya ngapi. Madai yamekuwa mengi kuliko madini yenyewe ya vibranium. Kwa hiyo nimeyachambua, nimeyapanga kuanzia la tisa kuja la kwanza, na kila moja nimelikatia hukumu. Ukiniambia nimekosea kwenye namba tano, nitakusikiliza. Namba moja haiguswi.

9. Pigano la mwisho lionekane

Picha ya kwanza, ile ya 2018, ilibeba Oscar tatu: mavazi, usanifu wa mandhari na muziki. Hakuna ubishi hapo. Lakini hebu irudie ile sehemu mfalme T'Challa na hasimu wake Killmonger wanapochapana kwenye reli chini ya mlima. Miili haina uzito, giza limetanda, na inabidi uulize jirani yako ni yupi aliyepigwa.

Hukumu: dai halali. Nchi yenye vibranium yote ile haina haki ya kuwa na mgao wa umeme.

8. Wageni wa kutangaza tamthilia wapungue

Wakanda Forever ya 2022 ilikwenda saa 2 na dakika 41. Humo tulipaswa kuomboleza mfalme, kuzika malkia, kupigana na taifa zima la chini ya bahari, na bado tukatambulishwa kwa Riri Williams, msichana fundi kutoka MIT, ambaye mwaka 2025 alipata tamthilia yake, Ironheart.

Hukumu: Riri binti mzuri, hana kosa lolote. Ila mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hii ndiyo picha ya tatu.

7. Denzel aje, tena aje na sababu

Novemba 2024, akiwa kwenye mahojiano ya televisheni huko Australia, Denzel Washington alitaja kwamba Coogler anamwandikia nafasi katika filamu hii. Mashabiki wakapagawa. Wamekwisha kumpa vyeo vyote: baba mdogo wa mfalme, mchawi, adui, babu aliyepotea.

Mimi nataka aje kwa sababu nyingine kabisa. Chadwick Boseman alipokuwa mwanafunzi, yeye na wenzake walipata nafasi ya kwenda kusomea uigizaji Oxford wakati wa kiangazi, na mfuko ulikuwa mtupu. Mwalimu wao, Phylicia Rashad, akamgeukia Denzel, na Denzel akalipa. Miaka mingi baadaye Boseman akiwa tayari ni Black Panther alimshukuru hadharani, mbele ya watu. Halafu Denzel huyohuyo ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa Ma Rainey's Black Bottom, filamu ya mwisho ya Boseman. Mtu wa namna hiyo hahitaji mwaliko kuingia Wakanda. Wakanda ina deni lake.

Hukumu: apewe nafasi yoyote aitakayo. Sharti ni moja tu, lafudhi. Kwenye Gladiator II aliingia Roma na New York yake mdomoni na Roma ikanyamaza. Wazee wa Wakanda hawatanyamaza.

6. Killmonger arudi

Alikufa 2018. Akaonekana tena 2022 kwenye ulimwengu wa mababu, na kwa dakika chache alizopewa aliwafunika walio hai. Sasa angalia rekodi: Fruitvale Station, Creed, Black Panther zote mbili, Sinners. Hakuna filamu ndefu ya Coogler ambayo Michael B. Jordan, huyo Killmonger mwenyewe, hayumo, na kwenye Sinners yumo mara mbili, kama pacha na pacha mwenzake.

Hukumu: acheni kubishana kama atarudi. Bisheni atarudi wangapi.

5. M'Baku akalie kiti

Mwishoni mwa Wakanda Forever wote wanamsubiri Shuri, dada yake T'Challa, pale kwenye maporomoko, anashuka M'Baku na kutangaza kwamba anagombea ufalme. Picha ikatuachia hapo. Kambi zimegawanyika. Wa Shuri wanasema kiti ni cha ukoo. Wa M'Baku wanasema ukoo umeshapoteza wafalme wawili na malkia mmoja ndani ya muda mfupi, sasa wapumzishwe.

Mimi niko na M'Baku. Kwenye picha ya kwanza Winston Duke aliletwa kama mkorofi wa mlimani. Kwenye ya pili ndiye mtu mzima pekee anayetoa ushauri wenye akili. Shuri ana maabara, ana hasira, ana kipaji. Kazi ya kusikiliza kesi za mipaka ya mashamba asubuhi mpaka jioni haimfai.

Hukumu: mpeni. Watu wake wa Jabari hawali nyama, kwa hiyo ng'ombe wote wa Wakanda wamekwisha kumpigia kura.

4. Ngoma na nguo zigeukie upande wetu

Fuata mtiririko huu. Kwa picha ya kwanza mtunzi wa muziki Ludwig Göransson alikwenda Senegal, akakaa na Baaba Maal, akarudi na ile ngoma inayoongea ya Massamba Diop. Na kwenye albamu aliyoisimamia Kendrick Lamar wakaingia Waafrika Kusini kama Babes Wodumo na Sjava. Kwa picha ya pili Nigeria ikachukua usukani: Tems, Burna Boy, Rema. Magharibi wamekula, kusini wamekula. Sahani ya tatu inakwenda wapi?

Mbio za magari za Busan kwenye picha ya kwanza zilikuwa nzuri, sikatai. Sasa zifikirie juu ya singeli, ile ya Manzese isiyokupa nafasi ya kuvuta pumzi. Dereva atafika kabla hajaondoka. Na pale malkia anapoingia ukumbini kumsuta adui kwa adabu, kuna muziki mmoja tu duniani uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na unaitwa taarab.

Kwenye nguo tuna pa kuanzia. Ruth E. Carter, mwanamke Mweusi wa kwanza kupata Oscar mbili, na zote kwa Wakanda, aliangalia Wamaasai alipowavika walinzi wa Dora Milaje nyekundu na shanga. Basi ashuke hadi pwani. Okoye alivuliwa ujenerali wa kikosi hicho na nafasi yake akapewa Ayo, rafiki yake. Kwenye mji wenye kanga suala hilo lisingehitaji mazungumzo: ungemwona Okoye anapita mbele ya kambi, taratibu, mgongoni pameandikwa HASIDI HANA SABABU.

Hukumu: hili si ombi, ni zamu yetu.

3. Tuambieni Wakanda iko wapi

Tangu Stan Lee na Jack Kirby waichore mara ya kwanza mwaka 1966, nchi hii imehama mara nyingi. Kuna ramani inayoiweka kaskazini-magharibi ya Tanzania, palepale ilipo Rwanda na Burundi. Atlasi ya Marvel inaipeleka Ziwa Turkana, katikati ya Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini. Hadithi alizoandika Ta-Nehisi Coates zimeivuta hadi Ziwa Victoria. Milima unayoiona kutoka angani, mingine ni Rwenzori. Chini ya milima hiyo, studio ziko Atlanta.

Halafu sikiliza wanavyoongea: isiXhosa, shukrani kwa mzee John Kani aliyeanza nayo alipokuwa Mfalme T'Chaka mwaka 2016. Ninaipenda sauti hiyo na isiondolewe kamwe. Lakini nchi iko Afrika Mashariki, ulimi uko Eastern Cape, ngoma iko Dakar. Katika nchi nzima, hata mchuuzi mmoja anayenadi nyanya kwa Kiswahili hayupo?

Hukumu: chagueni ziwa moja mkae.

2. T'Challa asitafutiwe sura nyingine

Hapa ndipo wadau wanapokosana kwelikweli. Boseman, aliyekuwa T'Challa, alifariki Agosti 28, 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana aliyoishi nayo tangu 2016 bila kuitangaza. Maana yake ni kwamba kila tulipomwona amevaa lile vazi jeusi na kuwa mfalme katika filamu yake, alikuwa mgonjwa. Sisi wa vibanda umiza tulilelewa na kanuni kwamba stelingi hafi. Huyu alikufa, na picha ya pili ikaanza kwa kumzika, watu wote wakiwa wamevaa meupe.

Wanaotaka mwigizaji mpya wana hoja, na si ya kipuuzi: T'Challa ni mkubwa kuliko mtu yeyote, watoto wanamhitaji, mbona James Bond wamebadilishana sita? Sawa. Ila wale Bond walibadilishwa wakiwa hai, wengine kwa kuchoka wenyewe, na hakuna aliyemwombea Bond msibani. Kwetu mfalme na mwigizaji walizikwa siku moja.

Tena jibu lilishatolewa. Nakia, mpenzi wa T'Challa, alimlea mtoto wao huko Haiti, kijana aliyepewa jina la Toussaint, kama Toussaint Louverture wa mapinduzi ya Haiti, na jina lake la Wakanda ni la baba yake. Mtoto huyo akuzwe. Coogler aruke miaka kumi ikibidi.

Hukumu: jina lirithiwe, sura iachwe. Mnaopinga, leteni hoja. Ya Bond nimeshaijibu.

1. Majirani

Hili ndilo la kufa na kupona, na ajabu yake ni kwamba mashabiki wengi hawalitaji.

Picha mbili nzima kuhusu nchi ya Kiafrika iliyoamua kufungua milango kwa dunia. Ikaifungua wapi? T'Challa alinunua majengo Oakland, California, kisha akapanda jukwaa la Umoja wa Mataifa huko Vienna. Shuri alikwenda Boston. Afrika nje ya Wakanda tunaiona lini? Lagos, kwenye ile picha ya 2016 alimotokea T'Chaka, mlipuko ukiua watu. Msitu wa Sambisa, mabinti waliotekwa wakiwa ndani ya malori. Ansongo, Mali, kituo cha msaada cha Wakanda kikivamiwa na wenye bunduki. Kila tukivuka mpaka, kuna risasi. Hakuna hata mara moja tulipovuka tukakuta watu wanakula chakula cha mchana.

Na watu wenyewe wamo humohumo. Florence Kasumba, yule Ayo, alizaliwa Kampala. Wazazi wa Daniel Kaluuya wametoka Uganda. Lupita Nyong'o, yule Nakia, ni wa Kisumu, na Februari 2018 filamu ilizinduliwa Kisumu kwa shangwe. Filamu imefika Kisumu. Wakanda bado.

Kama nchi hiyo iko Turkana, basi wavuvi wa pale wamekaa vizazi na vizazi wakishangaa samaki wanakwenda wapi ghafla, na Lodwar kuna muuza duka anayejua siri nzima ila hakuna aliyemuuliza. Kama iko upande wa Rwanda, basi malori ya Rusumo yamekuwa yakizunguka mlima ambao haupo. Hawa ndio ninaotaka kuwaona. Wanadai nini kwa jirani aliyekuwa na dawa za kila ugonjwa na akajificha? Nani aliyemwoza binti yake huko bila kujua ni huko? Humo mna hasira nzito kuliko ya Killmonger, kwa sababu Killmonger alikulia ng'ambo ya bahari. Hawa walikuwa ng'ambo ya uzio.

Hukumu: dakika kumi zinatosha, na sehemu ya kwanza nimeshaipanga. Okoye anafika mpakani kwa miguu, mkuki mkononi, ujumbe wa haraka kutoka kwa mfalme. Ofisa kwenye dirisha anamtazama juu mpaka chini, hajashtuka hata kidogo, anamuuliza kadi ya homa ya manjano iko wapi.