Mlio wa Mbwa

Mwaka 1967 The Beatles walitoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, wakachapa maneno yote ya nyimbo nyuma ya jalada, na bendi nyingine zikaiga. Kisha wakafanya utundu: mwishoni mwa upande wa pili wa santuri ya Uingereza waliweka mlio wa hezi 15,000 hivi, maalumu kwa mbwa. Unafuatiwa na porojo inayojirudia mpaka mtu ainuke kuinua sindano.

Marekani waliuziwa santuri isiyo na vituko hivyo.

Leo wakusanyaji wenye mvi wanamwaga fedha kwa nakala za kwanza, wakiapa kwamba zina sauti kamili. Haya, wazee wetu! Masikio ya miaka sabini kwa kawaida hayafiki hezi 15,000. Anayefaidi ni mbwa wa jirani, tena bure.