Kuku Amekula Kaunti

Nilishuka kibandani kutafuta vijana wawili wa kunisaidia kufunga waya. Wawili tu. Shamba langu hapa Sagalla linatazamana na Tsavo Mashariki, na usiku wa kuamkia juzi ndovu mmoja, ambaye naamini ananijua kwa jina, aliulaza chini ua wangu wa mizinga. Nyuki wenyewe walishahama na kiangazi.

"Dakika tano, mzee," kijana wa bodaboda akaniambia. "Tunamalizia hesabu."

Hiyo "mzee" niliimeza. Nilishindwa kuimeza hesabu. Walikuwa wamemwaga pojo mezani, punje moja kwa kila kura laki moja za daftari la 2022. Kenya nzima ilikuwa na wapigakura milioni 22 na ushee, kwa hiyo punje 221, na zilihesabiwa mara tatu kwa sababu kila zikifika mia na kitu mtu anaagiza chai. Kazi ni kumteua mpeperushaji bendera wa upinzani wa 2027. Wakubwa wenyewe kule Nairobi wanaizungukazunguka kama paka na uji wa moto, lakini meza yetu iliapa kumaliza kabla ya adhuhuri.

Kalonzo alianza vizuri. Machakos, Kitui na Makueni zilimpa punje kumi na saba, zikapangwa kando ya sahani ya mahamri. Matiang'i akapata Kisii na Nyamira, tisa na nusu, na hiyo nusu ikaleta vita, maana kupasua pojo kwa kisu cha mkate si mchezo. Gachagua akamwagiwa Mlima mzima kwa kiganja, hadi fundi cherehani alipouliza Karua wa Kirinyaga atakula wapi. Punje nne zikatolewa. Zikarudishwa. Zikatolewa tena. Mimi nilikuwa nalitazama jua.

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa yake kimya akakohoa.

"Mwaka 2007 tulihesabu hivi hivi. Tarehe mosi Septemba, Kasarani, ODM. Raila 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Tukasema huyu wa tatu arudi Sugoi akauze kuku. Yuko wapi leo?"

Hakuna aliyejibu. Tunajua alipo.

"Na Kalonzo alishinda tiketi yake ya ODM-Kenya siku moja kabla. Mimi wakati huo nilikuwa na meno yote."

Kisha akanigeukia, kwa kuwa nilikuwa nimeshika waya. "Ua wako si una mzinga mmoja wa nyuki na unaofuata ni ubao mtupu?"

Nikakubali. Ndivyo unavyotengenezwa, kubana gharama. Ndovu akigusa waya mizinga yote inayumba, naye hajui upi una wenyewe.

"Basi hao wanne ni ua kama huo," mzee akasema. "Taabu ni kwamba ndovu wa safari hii aliwahi kuning'inia kwenye waya uleule. Mbao anazijua."

Walicheka, nikadhani tumemaliza. Nikafanya kosa: nikauliza, "Na sisi je?"

Voi, Wundanyi, Mwatate na Taveta, kaunti nzima, hatukufika laki mbili. Tukapewa punje mbili, ya pili kwa huruma. Kumpa nani? Mmoja akasema Kalonzo, kwani Wundanyi ina mbunge wa Wiper. Mwingine akasema hatuna chama sisi, 2022 tulichagua gavana aliyesimama peke yake. Punje zetu zikawekwa pembeni kabisa mwa meza zingoje mwafaka.

Kuku wa mama wa kibanda hakungoja. Aliruka, akadonoa mara mbili, akashuka.

Nilisimama. Nilidai, kwa sauti ambayo baadaye niliionea haya, kwamba Taita Taveta irudishwe mezani. Kijana wa bodaboda akatazama lile rundo, akakuna kidevu.

"Mzee, jumla haijabadilika sana."

Hapo ndipo nilipokaa, nikaagiza chai, nikabishana mpaka saa kumi. Najua. Waya ulikuwa miguuni.

Jioni nilikuwa naufunga mwenyewe, mke wangu akinimulikia tochi kwa namna ya mtu anayemulikia mwizi.

"Vijana wako wapi?"

"Wamechoka."

"Kwa kazi gani?"

Nikanyamaza, nikakaza fundo.

"Haya, wamempa nani?"

"Bado. Kuku alikula kura, kesho wanarudia saa nne."

Akaihamisha tochi kutoka kwenye waya hadi usoni kwangu. "Uende na pojo za dukani basi. Zangu ni za mbegu."