Sifa za Uzio Uliolalia Mchicha

Vilivyonyooka vimeshasifiwa vya kutosha. Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo kichwa chake kimoja kimo wilayani kwetu Misungwi, lilipata sifa zake zote lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025: kilomita 3 juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, misingi imezamishwa chini ya sakafu ya ziwa. Hongera zake. Lakini nani amewahi kwenda kuijulia hali nguzo ya daraja lile? Nani ameishika, akaitikisa, akaiahidi kwamba Jumamosi atakuja? Nguzo zile zimesimama tu, hazina shida na mtu. Mimi naomba nimtetee mnyonge: uzio wa uani, ule wa mirunda na seng'enge, uliofungwa na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine.

Uzio huu ni mwajiri. Ulinganishe na minyaa ambayo wazee walizungushia miji yao. Unakata tawi, unachomeka, basi. Ikishashika, mbuzi haigusi kwa ule utomvu wake mweupe unaounguza macho, na ukame hauitishi. Miaka inapita, hakuna aliyelipwa hata shilingi. Huo ni uchoyo. Na kuna waliozidi: Wasukuma walitenga ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, mara nyingi bila uzio wowote. Dagashida, baraza lao la jadi, ikikaa ikasema mifugo isiingie, haiingii, na mkaidi analipa faini. Sasa muuza misumari angekula nini?

Uzio wetu una huruma. Nguzo zake zimefukiwa futi moja, na pungufu ya hapo kila mtaimbo ulipogonga jiwe. Na Mwanza mawe hayatafutwi. Nguzo ya kona, ambayo inavutwa na waya wa pande mbili, haikupewa mkono wa kuiegemeza, kwa hiyo imeinama kwa adabu kama bibi harusi. Kuinama huko kunamleta fundi wa pili, ambaye kazi yake ya kwanza ni kutangaza kwamba aliyemtangulia hakuwa fundi. Anaagiza oili chafu ya kuzuia mchwa. Anaipaka kuanzia juu hadi usawa wa ardhi, mahali panapoonekana, na kuiacha kavu ile sehemu inayokwenda chini, ambako mchwa ndiko waliko. Kisha anamwaga zege kwenye shimo lenye tope. Tangu siku hiyo nguzo ikilala, inalala na zege lake.

Fundi wa tatu yuko njiani.

Tena uzio huu ni mwalimu, na somo lake ni udongo. Ule mweusi wa bondeni, tunaouita mbuga, kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kupitisha mkono, nguzo ikabaki inacheza shimoni mwake. Mvua za vuli zikianza, udongo unakunywa, unafura, unaikaba nguzo na kuisukuma juu kidogo. Mwaka ujao kidogo tena. Nguzo ya futi moja haihitaji misimu mingi kuonekana mguu mtupu. Jirani wa mlimani, kwenye mchanga wa luseni, ana darasa tofauti: kwake nguzo haisukumwi na chochote, inaachiwa tu ianguke. Mabwana shamba hueleza haya kwa maneno mengi. Uzio unayaeleza kwa kulalia mchicha.

Ya ujirani sitayasema sana, maana kila mtu anayajua. Mbuzi wa nyumba ya pili anaingia penye mwanya, anamaliza matembele, unamburuta kumrudisha kwao ukiwa umekunja uso. Huko unakaribishwa kwa salamu ya "mwangaluka", unavutiwa kigoda, na unaporudi umeshajua nani anaoza binti na nani kauza kiwanja mara mbili. Ukuta wa tofali una habari gani za kukupa?

Pamoja na fadhila zote hizi, wapo watu wanaotaka kuua riziki ya wenzao. Wanachimba futi mbili na zaidi. Wanapaka oili ile sehemu ya kuzikwa kwanza. Wanarudisha udongo na kokoto tabaka kwa tabaka, wakishindilia kila tabaka, na juu wanaacha mwinuko ili maji ya mvua yasituame kwenye shina. Nguzo ya kona wanaipa mikono miwili, mmoja kila upande wa waya, ndipo wanaanza kukaza. Hata timazi wanayo! Ukimwona fundi wa namna hiyo mtaani kwako, ndugu yangu, msimamishe kabla hajachimba shimo la pili, umwulize wenzake wale nini.