Jinsi ya Kumkabili Dalek Ukiwa Babati

Kwanza itafute hadithi yenyewe ya Madalek. Ni ya pili katika mfululizo wa Doctor Who wa BBC: sehemu saba, nyeusi na nyeupe, iliyoandikwa na Terry Nation na kurushwa kuanzia Desemba 21, 1963 hadi Februari 1, 1964. Usiwasumbue wazee wa Babati kwa kuwauliza kama wanaikumbuka. Sehemu ya nne ilionyeshwa Uingereza Januari 11. Usiku wa kuamkia kesho yake Zanzibar ikapinduliwa. Siku mbili baada ya sehemu ya tano, wanajeshi wa Tanganyika wakaasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Wazee walikuwa na habari hizo za kusikiliza redioni.

Kisha andaa banda la video. Panga mabenchi, umtafute dijei wa kuingiza maneno ya Kiswahili, fani iliyompa jina marehemu dijei Lufufu. Hapa usibane hela. Dalek ana sauti moja tu, ya kukwaruza, na dijei mvivu atamfanya aongee kama kondakta wa Arusha aliyekosa abiria.

Umbo la adui lilibuniwa na Raymond Cusick: gamba la chuma lisilo na miguu, jicho kwenye mpini, bunduki, na mkono ambao, tuseme ukweli, ni pampu ya kuzibulia sinki. Watoto watacheka. Waache wacheke mpaka mwisho wa sehemu ya kwanza, Barbara, mmoja wa wasafiri wa hadithi hii, anapobanwa ukutani na tunachoonyeshwa ni hiyo pampu tu.

Sasa mapambano. Katika hadithi hii Dalek hupata nguvu kutoka sakafu ya chuma. Mateka, yaani Daktari na wenzake Barbara, Ian na Susan, walimpaka mmoja matope jichoni, wakamsukumia juu ya joho alilopewa Susan na Wathal, wakulima wasiotaka vita, akazimika. Ian akaingia ndani ya gamba na kutoka nalo. Babati vifaa vyote vipo. Matope ya masika ni bure, na shuka utalipata mnadani. Akifika stendi, kwenye lami, amekwisha bila wewe kunyanyua mkono. Mwishowe Madalek wote wanakufa umeme wao unapokatika, kwa hiyo mji unaozoea giza hauhitaji jeshi.

Wa kumchunga zaidi ni Daktari mwenyewe, babu anayeigizwa na William Hartnell. Alitaka kuuona mji wa Madalek, akadanganya kwamba chombo chao cha kusafiria kimeishiwa zebaki. Wenzake wote wakaugua mionzi. Mzee wa hivyo akipanda gari lako, mpekue mifuko kabla hamjafika Minjingu.

Kuna mahali dijei anyamaze. Wathal wanaalikwa mjini kuchukua chakula. Kiongozi wao Temmosus anasimama kuhubiri amani, anauawa katikati ya maneno. Nation alikulia Wales wakati wa mabomu ya Ujerumani, na aliwachora Madalek kwa mfano wa Wanazi. Madalek hawagombei shamba wala ng'ombe. Wanamchukia tu asiyefanana nao. Usiruhusu mtu aweke kichekesho hapo.

Sehemu ya sita, ya kuruka shimo pangoni, ndiyo ya kutoka kununua chipsi. Ipo pia ya rangi, ya mwaka 2023, iliyofupishwa kuwa dakika 75. Muziki wake hautulii. Chukua ya zamani.